Maswali ya Gari: Kabla ya Kuliinua, Ziba Panapovuja

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ya mwaka 1994. Nyuma ya gurudumu la mbele la kulia pamelowa kitu cheusi, chepesi, na sasa kimefika hadi kwenye rimu. Fundi mmoja ameniambia ni grisi tu, nifute niendelee na safari. Mwingine anataka ekseli nzima ishushwe. Nimsikilize nani, na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja mpaka uangalie mambo mawili. Juu ya kile kichwa cha duara kinachogeuza gurudumu kuna plagi. Ifungue, tumbukiza kipande cha waya, kisha kitoe. Waya ukitoka na grisi nzito nyeusi, kilichovuja ni kidogo na si cha kutisha. Ukitoka na kitu kama uji mwepesi, oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) imeshapita sili ya ndani (pete ya mpira inayozuia oili) na kuyeyusha grisi iliyokuwa inalinda sivi jointi, yaani kiungio kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Hapo difu inapungukiwa oili, jointi inasagika, na uji huo ukifika kwenye pedi, breki za upande huo hazishiki tena.

Jambo la pili ni kipumulio cha ekseli, ambacho wengi hukisahau. Ekseli ikipata joto hewa iliyomo hutanuka. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa hiyo hutafuta njia kwenye sili na kusukuma oili mbele yake. Ukibadilisha sili ukaacha kipumulio kimeziba, sili mpya nayo itavuja. Kifungue, kipulize, na ukiweza kiunganishe na mpira wa kupandisha hewa hadi juu karibu na boneti.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, ila panga siku nzima kwa kila upande. Ekseli haishushwi. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, piga jeki, kisha egesha ekseli juu ya stendi mbili imara. Usifanye kazi chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, bila kugusa paipu ya oili ya breki, uifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake, mpira huchanika kwa ndani na hutauona.

Flenji (sahani ya nje) ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, imefungwa kwa nati sita, na chini ya kila nati kuna wosha ya koni iliyobana stadi (bolti isiyo na kichwa). Wengi hukwama hapa. Toa klipu iliyo mwisho wa shafti, legeza nati mpaka zifike mwisho wa nyuzi lakini usizitoe kabisa, kisha igonge flenji ubavuni kwa kipande cha shaba na nyundo nzito. Pigo moja la nguvu linafaa kuliko ishirini ya woga. Koni zitaruka, na nati zitakuwa zimelinda nyuzi za stadi. Ndani utakuta nati mbili kubwa za beringi. Nunua au azima soketi ya milimita 54. Patasi na nyundo huzifungua pia, lakini hung'oa vijipande vya chuma ambavyo hudondokea kwenye beringi.

Ukishatoa habu na spindo (mhimili ambao habu huzungukia), zungusha shafti hadi sehemu moja bapa ya jointi iwe juu, ndipo uivute nje. Ikague pale sili inapokaa. Ukipitisha ukucha ukahisi mfereji, sili mpya haitadumu. Shafti inahitaji kubadilishwa au kuvalishwa bushi ya chuma. Sivi jointi iliyokuwa ikitoa mlio wa tak-tak ukikata kona kali haijafa lazima. Mipira yake ya chuma huchimba zaidi upande mmoja wa njia zake, ule wa kwenda mbele, kwa hiyo wengi huhamisha ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, na jointi huanza kutumia upande ambao haujalika.

Kichwa chenyewe huzungukia beringi mbili ndogo, ya juu na ya chini, zenye sahani nyembamba za kurekebisha nafasi. Zifunge sahani hizo kwenye vifurushi viwili ulivyoviandika, cha juu na cha chini. Zikichanganyika, shafti haitakaa katikati ya sili, na utarudia kazi yote. Beringi zikiwa na alama za kuchimbika zibadilishe pamoja na vikombe vyake (pete za nje).

Wakati wa kurudisha, jaza jointi grisi ya molibdenamu mpaka itokeze upande wa pili, na kichwa ukijaze kiasi cha robo tatu, kwa kuwa grisi nayo hutanuka ikipata joto. Beringi za gurudumu zipewe grisi yake ya lithiamu. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze taratibu. Funga mizani ya ndoano kwenye stadi ya gurudumu na uvute: habu ianze kuzunguka mizani ikisoma takriban kilo 3 hadi 5.5. Kunja wosha ya kufungia, kaza nati ya nje, halafu pima tena, kwa sababu nati ya nje hubadilisha kipimo. Baada ya kilomita 100 kaza upya nati za magurudumu na zile za chini zinazoshika mkono wa stelingi. Utando mwembamba wa grisi kwenye duara la chuma ni wa kawaida, usiuhangaikie.

SWALI: Injini yangu ya dizeli inachemka nikipanda mlima. Nimeshauriwa nitoe thamostati ili maji yapite kwa uhuru. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, na ushauri huu umeua injini nyingi. Kwenye injini nyingi za aina yako, thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuelekea kwenye rejeta, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kuiona rejeta. Bila mzigo geji itashuka na utaamini umepona. Ukipanda mlima na mzigo, joto litapanda kuliko mwanzo.

Irudishe, halafu utafute chanzo. Gari likichemka ukienda polepole lakini likatulia kwenye lami, shuku klachi ya feni, inayoiunganisha feni na injini. Zima injini ikiwa ya moto na uzungushe feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi mara kadhaa, oili yake ya silikoni imekwisha. Likichemka kwa mwendo wa kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba. Anza na nje: toa takataka kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi kwa maji yasiyo na kasi kubwa, ukipuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kifuniko cha rejeta nacho kibadilishe kikiwa na mpira mgumu. Kifuniko cha bari 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 118, lakini kikivuja unabaki na nyuzi 100 tu.

SWALI: Nimeinua gari kwa milimita 50 kwa springi na shokapu mpya, nikaweka matairi ya 285/75R16 badala ya 275/70R16. Sasa linayumba barabarani, usukani haurudi wenyewe, na breki zimekuwa dhaifu. Niliyefanya kazi ni mimi mwenyewe. Nimekosea wapi?

JIBU: Springi pengine umezifunga vizuri, ila kazi haijaisha. Gari lenye ekseli nzima, yaani moja inayounganisha magurudumu mawili, likiinuliwa, ekseli ya mbele huzunguka kidogo na kupoteza pembe ya kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu), takriban digrii 1 kwa kila milimita 25. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati. Weka bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya mbele inayoshika ekseli, kisha gari lipimwe kwenye mashine. Wakati huohuo kagua fimbo ya panhadi, inayozuia ekseli isiende kando: bushi zake zikiwa zimeliwa, gari litatikisika usukani ukigonga shimo. Wengi hukimbilia kununua dampa mpya ya stelingi (shokapu ya usukani), nayo huficha kasoro kwa miezi michache tu.

Breki zina sababu yake. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye fimbo inayopima mzigo. Mwili wa gari ukipanda mbali na ekseli, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Inua mabano ya fimbo hiyo kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Kisha ning'iniza ekseli hadi mwisho na uangalie mipira ya breki isivutike.

Kuhusu matairi, kipenyo kimetoka milimita 791 hadi 834, ongezeko la karibu asilimia 5.4. Geji ikionyesha 100, unakwenda zaidi ya 105. Difu imepanda milimita 21 tu, na hizo zimetokana na tairi, maana springi haziinui difu hata kidogo.

SWALI: Nimebadilisha oili ya giaboksi ya mkono, na sasa gia zinagoma kuingia. Oili ni mpya, imeandikwa GL-5.

JIBU: Itoe. GL-5 ni daraja la oili ya difu. Viambato vyake vya salfa na fosforasi vinaweza kuidhuru shaba ya pete za sinkro, zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingia, na utelezi wake huzuia pete kushika. Tumia GL-4 kama kitabu cha gari kinavyosema. Fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, ili usije ukamwaga halafu ukashindwa kujaza.

SWALI: Taa mbili za ziada za wati 55 zinahitaji fyuzi na waya wa kiasi gani? Nimefuata mchoro nilioupewa, lakini taa haziwaki.

JIBU: Wati 110 kwa volti 12 ni ampea 9.2. Fyuzi ya 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 vinatosha, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri. Pima kwanza volti, kwani baadhi ya dizeli hutumia 24.

Kama hazijawaka, huenda taa zako kubwa zinawashwa kwa upande wa negativu, kama ilivyo kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Mchoro wa kawaida unatarajia swichi ya upande wa pozitivu. Unganisha pini 86 ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) kwenye waya wa pozitivu wa taa kubwa, na 85 kwenye waya wa negativu wa mwanga mkali. Pini 30 ichukue umeme kutoka kwenye fyuzi, na 87 iende kwenye taa za ziada.