Mjamzito Anatapika: Je, Atundikiwe Dripu Nyumbani?

Swali: Mke wangu ana ujauzito wa wiki 11 na hutapika kila asubuhi. Mama amemkataza kula mpaka mchana ili tumbo litulie, na mwenye duka la dawa mtaani kwetu amejitolea kuja kumtundikia dripu ya nguvu kila Jumamosi. Tumkubalie? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Msimkubalie. Hiyo inayoitwa dripu ya nguvu nimeisikia mara nyingi mno wodini. Chupa ya mililita 500 ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko vitano au sita vya chai, na ile ya maji ya chumvi haina lishe yoyote. Kikombe cha uji wa maziwa kinazishinda zote mbili. Dripu humfaa mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini, baada ya kupimwa. Kinachonikera zaidi ni kwamba mama aliyetapika kwa wiki kadhaa huenda ameishiwa vitamini B1, na akimiminiwa sukari kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kudhurika: macho yanacheza, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na nyumbani watu wanaanza kusema ni majini.

Kuhusu katazo la mama la kutokula mpaka mchana, kwa heshima zote, tumbo tupu ndilo linalozidisha kichefuchefu. Wekeni biskuti kavu au kipande cha mkate karibu na kitanda, ale akiwa bado hajainuka, akae kidogo ndipo asimame. Baada ya hapo ale kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili, anywe maji katikati ya milo na si pamoja na chakula, wala asilale mara tu baada ya kula. Kitunguu kikikaangwa, yeye awe nje. Mtu mwingine ashike jiko. Akitapika, asukutue kwa maji na asipige mswaki papo hapo, kwa sababu asidi ya tumboni inakuwa imelainisha meno. Vidonge vya madini ya chuma vikimchafua, aulize kliniki kama anaweza kuvinywa usiku badala ya kuviacha kimyakimya.

Akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai, akatapika damu, akapata homa au kizunguzungu cha kuanguka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo pamoja na kadi ya kliniki, maana tutalinganisha uzito wa leo na ule ulioandikwa mwanzo. Kupungua kilo tatu kwa aliyekuwa na kilo 60 si jambo la kurudishwa nyumbani bila uchunguzi.

Na hili nawaambia hata wasioniuliza. Anayezunguka mitaani na chupa za dripu kwenye mfuko wa rambo hapimi malaria, hapimi mkojo, wala hana namna ya kujua kama ni mapacha au mimba zabibu (mimba isiyokua kawaida, inayojaa vifuko kama zabibu), na yote hayo yanaweza kumtapisha mjamzito vilevile. Mgonjwa hupata nafuu ya siku mbili, familia inamlipa na kumshukuru, kisha sisi tunampokea wiki ya tatu akiwa amebebwa.