Nina shahada ya pili, nataka kuingia jeshini na mama hataki

SUALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, nina miaka 27. Mwaka jana nilimaliza shahada ya pili ya sayansi ya mazingira, kwa mkopo wa serikali na pesa za mama. Tangu hapo nimepeleka barua za kazi mpaka nimechoka kuhesabu. Nafundisha tuisheni, na msimu ukifika nachuma karafuu. JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nilipitia baada ya kidato cha sita, na tokea hapo moyo wangu uko jeshini. Mama hataki. Baba, Mungu amrehemu, alituachia mikarafuu michache. Mama aliikodisha ili nisome, na anasema hakuikodisha ili nikapige kwata. Wenzangu wa msikitini nao wanasema elimu ni ibada, na kuiacha kwa ajili ya bunduki ni kukufuru neema. Naomba hukumu yake. Na jambo la mwisho: rafiki yangu amenishauri kwenye fomu nijaze kidato cha sita tu, maana wenye shahada wanachukuliwa wachache. Je, ina neno?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, suali lako lina mambo mengi, na lile uliloliweka mkiani ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia.

Kazi ya askari asili yake ni halali. Kulinda watu, mali zao na mipaka yao ni fardhi kifaya: wakisimama wa kutosha, wengine wamepona, wakikosekana, sote tuna dhambi. Tirmidhi amepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba macho mawili hayatoguswa na Moto: jicho lililolia kwa kumkhofu Mwenyezi Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia Yake. Si kila anayevaa gwanda anaipata daraja hiyo. Inategemea nia iliyomfanya akeshe.

Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nilikuwa mmoja wa waliokwenda viwanja vya Maisara, Unguja, maiti zilipoletwa. Nilimwona kijana wa kikosi, suruali imeroa mpaka kiunoni, amempakata mtoto kama anavyopakatwa aliyelala. Waliokuwa pale wakamwambia amlaze kwenye turubai. Akakataa, akasimama vile vile mpaka mama mmoja akavua kanga yake ya juu akaitandika. Jina lake silijui mpaka leo. Mtu akiniambia kazi ya vikosi ni bunduki tu, namkumbuka yule.

Kuhusu wenzako wa msikitini, wamesema neno zuri wakaliweka pasipo pake. Katika Surat Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu anabainisha kuwa haiwapasi Waumini kutoka wote kwenda vitani. Katika kila kundi watoke baadhi, ili pawe na wanaojifunza dini na kuwaonya wenzao. Kutoka kumetajwa, na kujifunza kumetajwa, na hakuna aliyeambiwa amekufuru neema. Abdullahi bin Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, alikuwa imamu wa hadithi na mfanyabiashara, na bado akenda kukesha kwenye ngome za mpakani. Elimu yako utaingia nayo kambini, iko kichwani mwako.

Lakini nikwambie ukweli ambao wenzako hawakukwambia. Ukifika depo, yaani kambi ya mafunzo ya askari wapya, hakuna atakayekuuliza tasnifu yako ilihusu nini. Utanyolewa, utakimbizwa, utafagia, na atakayekuamrisha huenda ni kijana mdogo kuliko wewe aliyeishia kidato cha nne, na jawabu lako litakuwa "ndiyo, afande". Wako wasomi ambao nafsi zao zinalibeba hilo vizuri, na wako ambao kila asubuhi wanaona wamedhulumiwa, wakaharibu kazi na wakaharibu na ibada zao. Abu Dharri (R.A.), pamoja na ubora wake, alipoomba uongozi Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na ile ni amana. Kwa hiyo kujijua kabla ya kuomba ni sunna, na hili hakuna mufti wa kukujibia.

Utii wenyewe una mpaka. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume (S.A.W.) alituma kikosi na akakiwekea amiri. Amiri akakasirika, akaamrisha ziokotwe kuni, ukawashwa moto, kisha akawaambia waingie ndani yake. Walisita. Habari ilipomfikia Mtume akasema: lau wangeuingia wasingetoka humo kabisa; utii ni katika mema tu. Kiapo utakachokula hakikufungi kuua nafsi bila ya haki, wala kumdhulumu raia. Ukiona huna ubavu wa kusema hapana siku hiyo, basi kaa na tuisheni yako.

Sasa mama. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa: "Wazazi wako wako hai?" Akasema ndiyo. Akaambiwa: "Basi fanya jihadi kwa hao." Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakaichukua kuwa kwenda kwenye vita vya fardhi kifaya kunahitaji idhini ya wazazi Waislamu. Ajira ya kawaida haihitaji idhini hiyo. Mtu mzima akitaka kuuza samaki au kufundisha skuli hamuombi mtu. Jeshi liko baina ya hayo mawili: ni ajira, lakini ina hatari ya roho. Desemba 2017 walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, kwa shambulizi la usiku mmoja. Mama yako huenda anasema kwata, kumbe anafikiria jeneza. Kwa hiyo mimi sikupi ruhusa ya kuondoka na yeye analia. Msimu huu atakapokaa kuchambua karafuu, kaa naye mkekani, chambua naye, ubakie na makonyo (vijiti vya karafuu) mkononi mpaka aseme kinachomtisha hasa. Mchukue na mjomba wako ikiwa maneno yako hayaingii. Akiridhia, hata kwa shingo upande, nenda. Akikataa katakata, subira yako kwake ni jihadi ile ile aliyoambiwa yule mtu.

Na kuna mikarafuu. (Kukodisha mikarafuu kwa miaka, kwa maana ya kuuza mazao ambayo hayajatoka, kuna suali lake zito, maana Mtume amekataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa. Ila hilo hukuniuliza, na mama alifanya kwa dhiki.) Ulifikirie deni. Muslim amepokea kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Una deni la mkopo wa masomo, na una mama ambaye mikarafuu yake iko mikononi mwa watu kwa ajili yako. Mshahara wa kwanza ukiupata, wa jeshi au wa kwengineko, miti ile ije kabla ya pikipiki.

Nimefika kwenye fomu.

Ikiwa tangazo linataka cheti cha kidato cha sita na hakuna mahali ulipoulizwa kiwango chako cha juu cha elimu, ukapeleka ulichoombwa, hujasema uongo. Kunyamaza si kudanganya. Lakini ikiwa fomu inauliza kiwango cha juu cha elimu, ukaandika kidato cha sita na chini ukatia saini kwamba maelezo yote ni ya kweli, huo ni uongo ulioutilia saini. Usiniambie ni tawria, yaani kusema kwa mafumbo. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kauli ya mafumbo inafaa penye haja au maslaha, ila ikiwa ni ya kufikia batili au kuzuia haki ni haramu. Na hapa haki za watu zipo, tena wawili.

Mmoja ni yule mtoto wa Micheweni ambaye kidato cha sita ndicho kikomo chake, hana shahada ya pili wala tuisheni ya kurudia. Nafasi ile imewekwa kwa ajili ya mfano wake. Wa pili ni aliyekukopesha. Mkopo wa masomo unakatwa kwenye mshahara wa msomi aliyeajiriwa. Wewe ukiificha shahada, umelificha na deni. Sidhani kama rafiki yako alifika huko alipokushauri, lakini ndiko ushauri wake unakokwenda.

Utaniuliza: na aliyekwishaingia kwa njia hiyo, mshahara wake ni haramu? Ninavyoona mimi, ikiwa kazi anaiweza na anaitekeleza, mshahara ni ujira wa kazi yake, na dhambi ya udanganyifu imebaki shingoni mwake mpaka atubie na arekebishe kinachorekebishika. Hiyo ni fatwa ya aliyekwishaanguka, si ruhusa kwa aliyesimama. Na kama kuna mtu anayekwambia toa kitu nikupitishe, huyo nisizungumze. Mara nyingi ni tapeli, na asipokuwa tapeli ni mla rushwa, na aliyelaaniwa ni anayetoa na anayepokea.

Mambo madogo hukuyauliza, ila najua yatakuja. Kunyoa ndevu kwa amri ya kazi: kauli inayotegemewa kwetu ni karaha, wapo waliosema haramu, na mimi siwezi kukuzuilia riziki kwa hilo. Sala: ukiwa depo kwa miezi wewe ni mkaazi, si msafiri, kwa hiyo hupunguzi rakaa hata kama umevuka bahari kufika huko. Ongea na mkufunzi mapema kuhusu nyakati, kwa adabu.

Kisha uswali istikhara, sala ya kumuomba Mwenyezi Mungu akuchagulie la kheri, rakaa mbili, uombe dua aliyoipokea sahaba Jabir. Usisubiri ndoto. Katika hadithi ile hakuna neno la ndoto, na vijana wengi wamekaa mwaka mzima wakingoja kuota gwanda au koti la chuo. Unaomba, unashauriana, unatenda; likiwa la kheri litapita, likiwa si la kheri litazuilika.

Fomu ikiwa bado iko mkononi mwako, itafute nyengine uijaze upya, na penye elimu andika shahada ya pili. Wallahu aalam.