Usiikimbilie bastola: kwa wanaoanza kupuliza metali dhidi ya kutu

Kijana akiletwa karakana kujifunza kupuliza metali, macho yake huenda moja kwa moja kwenye bastola ya kupulizia. Simlaumu. Nyaya mbili zinakutana, umeme unaziyeyusha, hewa ya kompresa inayarusha matone kwenye chuma, na kelele yake inapita desibeli 110. Lakini bastola mtu huizoea upesi: ishike umbali wa milimita 150 hadi 200, iutazame uso wa chuma kwa pembe mraba kadiri unavyoweza, pita kwa mistari, na mistari ya pili iikatize ya kwanza. Kinachochukua miaka ni kujua upulize nini, na juu ya chuma kilichoandaliwaje.

Anza na swali hili: mpako ukichubuka, nani ataliwa? Zinki na alumini hutangulia kuliwa badala ya chuma, ndiyo maana bati lililokwaruzwa halioti kutu pale pale. Nikeli, chuma cha pua na tangsteni kabidi (mchanganyiko mgumu sana wa tangsteni na kaboni) ni kinyume chake: chuma cha kawaida kilicho chini ndicho kinachotangulia. Na mpako wa kupuliza haukosi vitundu. Kwenye alumini kitundu kidogo hakikunyimi usingizi. Kwenye nikeli, maji ya chumvi yakipenya, shambulio lote linaelekezwa kwenye doa moja la chuma na linachimba kwenda chini, huku juu mpako ukingali unang'aa. Mteja akikuletea shafti ya pampu ya maji ya bahari na kukwambia "niwekee kitu kigumu", ugumu peke yake usikubabaishe. Kabidi iliyoshikwa na kobalti tupu inastahimili msuguano vizuri, ila kobalti yenyewe huliwa na chumvi. Chagua ile iliyoongezwa kromu, kisha uizibe vitundu.

Sasa chuma chenyewe. Matone hayaungani na chuma kama weldi inavyoungana. Yanang'ang'ania vilima na mabonde yaliyochongwa na mchanga. Kwa alumini tunataka uso mweupe kabisa, wenye mikwaruzo mikali ya kina cha mikroni 75 hadi 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Uso uliopigwa kwa chembe za mviringo unapendeza kwa macho lakini haushiki kitu. Na tukisema "kupiga mchanga" ni mazoea ya mdomo tu: mchanga wa ufukweni una chumvi, na vumbi la silika huua mapafu. Tumia ganeti, yaani chembe za madini magumu, au chembe kali za chuma.

Kwetu pwani adui mkubwa ni asubuhi. Hewa ikiwa na nyuzi joto 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Kanuni inataka chuma kizidi hapo kwa nyuzi 3, yaani kifike 29 na kidogo. Bomba nene lililolala nje usiku kucha halijafika huko saa mbili asubuhi, hata kama wewe tayari unatokwa jasho. Gusa kwa kipimajoto, usiguse kwa kiganja. Vitabu vinakuruhusu kungoja muda usiozidi saa 4 kati ya kupiga mchanga na kupuliza. Kwenye hewa ya Mombasa au Dar hiyo ni anasa. Safisha eneo unaloweza kulimaliza mara moja.

Chuma kilichowahi kukaa baharini kina ujanja mwingine. Kitapigwa mchanga mpaka kiwe cheupe, kesho yake kimejaa vidoadoa vyeusi. Hiyo ni chumvi iliyojificha kwenye mashimo ya kutu. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, yenye presha, pima chumvi, kisha upige tena. Hewa ya kompresa nayo ipime: shikilia kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa mpira wa hewa kwa dakika moja. Kikiota hata kivuli cha mafuta, simamisha kazi.

Kila siku kabla ya kugusa kazi ya mteja, puliza kipande cha bati jembamba, kisha kikunje kuzunguka chuma cha duara cha milimita 13. Nyufa nyembamba si neno. Mpako ukibanduka kwa ncha ya kisu, kuna kitu hakiko sawa, na ni heri ukijue hapo.

Wengi watakushauri upige rangi nene juu ya alumini "iwe imara zaidi". Pwani, kataa. Rangi ikichubuka, alumini inaliwa kimyakimya chini yake na malengelenge yanatapakaa. Kinachotakiwa ni kiziba vitundu chepesi, kinachopenya ndani bila kuongeza unene. Marekani, Chama cha Weldi kilitundika vyuma vilivyopulizwa kwa miaka 19 na kutoa ripoti mwaka 1974: alumini ya mikroni 80 hadi 150 tu, iliyozibwa, ililinda chuma muda wote huo hata ndani ya maji ya bahari.

Moshi wa zinki utakupa homa jioni. Maziwa wanayokunywa wachomeleaji hayaizuii. Barakoa ya kulishwa hewa inaizuia. Vumbi la alumini hulipuka, kwa hiyo usilifagie karibu na cheche.

Ukianza kubuni mpako wako mwenyewe, kisanduku cha ukungu wa chumvi, kinachonyunyizia vipande maji ya chumvi ili vioze upesi, kitakusaidia kuvilinganisha, ila saa zake usizigeuze kuwa miaka. Tundika sampuli pale pale kifaa kitakapofanya kazi. Kwenye hewa kali ya pwani, ambayo viwango vya kutu huiita daraja la C5, zinki hupoteza mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo mikroni 100 ni kama miaka 12 hadi 24, ikiwa haikwaruzwi. Namba za sampuli zigonge kwenye chuma kabla ya kupiga mchanga, tena ziwe kubwa. Ukiandika kwa kalamu, baada ya mwaka mmoja wa jua na chumvi hutajua kipi ni kipi.