Jibu: kwa nini "Breaking Up Christmas" yako haitoki kama ya Tommy Jarrell

Umesema nota zote za kwenye karatasi umezipiga sawa, lakini wimbo huo wa fidla unasikika mwembamba kuliko anavyoupiga Jarrell, mpiga fidla wa Marekani wa mtindo wa zamani. Vidole vyako havina kosa. Angalia namna ulivyotyuni, kisha upinde.

Umeiacha fidla kwenye GDAE, yaani nyuzi zake nne, kutoka nene hadi nyembamba, zikitoa nota G, D, A na E. Wimbo huu, kama nyimbo nyingi za ufunguo wa A za Round Peak, kule Surry County, North Carolina, hupigwa kwenye AEAE: G inapanda hadi A, D inapanda hadi E. Nyuzi mbili nene zinakuwa pacha wa zile nyembamba, oktava moja chini, na uzi usiobonyezwa unaendelea kuvuma chini ya ule unaobonyezwa. Unene unaoukosa ni huo mvumo.

Lakini usikaze kwa pupa. Kupandisha sauti nzima (kama kutoka G hadi A) kunaongeza mkazo wa uzi kwa takriban 26%. Panda nusu sauti, acha dakika mbili tatu, ndipo umalizie. Kila ukikaza, kidaraja kinachobeba nyuzi huvutwa kichwa kuelekea shingoni. Kikilala, nyuzi zote hulegea kwa mpigo na kile kijiti cha ndani ya fidla kinaweza kuanguka. Kirudishe wima kwa vidole vya mikono miwili kabla hakijapinda. Kisha pima tena nyuzi zote nne, maana hizo mbili ulizokaza zitakuwa zimeziteremsha nyingine.

Upinde sasa. Ukienda mbele-nyuma kwa urefu uleule kila nota, utapata sauti ya msumeno. Anza na mvuto mmoja mrefu, mifupi miwili, ukikazia pigo la pili na la nne. Hiyo ni hatua ya kwanza tu: Jarrell huunganisha nota kadhaa katika mvuto mmoja unaovuka pigo, na karatasi nyingi haziandiki hilo. Wala haziandiki ile C ya wapigaji wengi wa zamani, isiyo C ya asili wala C ya kupandishwa (C#), iko katikati. Ukiisawazisha, umeharibu.

Kwa hiyo weka karatasi kando, punguza rekodi hadi 70% ya kasi, jifunze kipande cha sekunde nne nne. Jarrell (1901–1985) mwenyewe alijifunza kwa baba yake, Ben, aliyerekodi mwaka 1927. Ukitaka mtu wa kulinganisha naye, msikilize Henry Reed wa Glen Lyn, Virginia, mpiga fidla aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki wa kienyeji Alan Jabbour miaka ya 1966–67 akiwa amevuka 80. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka rekodi hizo mtandaoni, bure. Upinde wake ni laini kuliko wa Round Peak, na kwa maoni yangu mwanafunzi anaufuata kwa urahisi zaidi.

"Bonaparte's Retreat" uliyoiulizia mwishoni ni kesi nyingine: DDAD. G inashuka hadi D, na uzi ukilegea hivyo hukoroma ukiukandamiza. Punguza uzito wa mkono, usiongeze.