Ulihudumu wodi ya Corona, sasa unaulizwa cheti: maswali yenu na majibu

Safu iliyopita niligusia vijana walioajiriwa kwa muda wakati wa Corona kuwasaidia wauguzi, na ujumbe wenu umemiminika tangu siku hiyo. Mwaka 2020 nilikuwa zamu katika wodi ya kutenga wagonjwa hapa Kisumu, na kuna usiku wasaidizi wa muda walikuwa wengi kuliko sisi wauguzi. Kwa hivyo jambo hili sikuhadithiwa. Nimechagua maswali matano.

Sista, nilikuwa msaidizi wa wauguzi kwa mkataba wa miezi sita, ukaongezwa mara mbili. Mtaani wananiita nesi. Nikiandika hivyo kwenye wasifu wangu kuna ubaya? (Kaptembwo, Nakuru)

Upo, mwanangu. Hapa Kenya muuguzi ni aliyesomea kazi hiyo, akafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi, akasajiliwa na kupewa leseni. Kujiita muuguzi bila hayo kunaweza kukupeleka kortini. Andika ulivyokuwa: msaidizi wa wauguzi, wodi ya kutenga wagonjwa wa Corona, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, na kazi ulizofanya kwa mikono yako. Hiyo ni heshima tosha. Ukitaka uuguzi wenyewe, njia ni chuo, kwa mfano diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambako huangaliwa wastani wa C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, pamoja na alama za masomo kama Biolojia. Miezi ya wodini haitakupunguzia muda wa masomo, ingawa itakufanya mwanafunzi asiyeogopa mgonjwa.

Nimesikia mtu anaweza kupewa cheti kwa kazi anayoijua tayari, bila kurudi darasani. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni? (Lurambi, Kakamega)

Ni kweli. Ni utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, wengi wanauita RPL, na uko chini ya mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA. Anza kwa kuuliza chuo cha kiufundi kilicho karibu nawe, Sigalagala kwa mfano, au ofisi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hapa Kisumu, kama wanatathmini kazi ya utunzaji wa wagonjwa na wazee na kwa kiwango gani.

Mengi hutegemea maandalizi yako. Kwanza kusanya ushahidi: barua ya mkataba, ratiba za zamu, hati za mshahara, cheti cha semina yoyote hata ya siku moja, na barua ya muuguzi aliyekusimamia ikitaja kazi moja moja. "Alikuwa mchapakazi" haimsaidii mtathmini. "Aliwageuza wagonjwa, akawaogesha, akapima joto na kuandika kiasi cha mkojo" inamsaidia.

Kisha utaombwa uonyeshe, na hapa ndipo nakumbuka kijana mmoja wa wodi yetu. Tulikuwa na mzee mnene aliyepumua kwa shida, ikabidi alazwe kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Kijana yule alikunja shuka mara mbili, akaipitisha chini ya mgongo wa mzee, akatuweka wawili kila upande, akamwambia mzee kila tunachotaka kufanya, akashikilia bomba la oksijeni kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akahesabu moja, mbili, tatu. Hakuna bomba lililovutika. Hakuna mgongo wa mfanyakazi ulioumia. Huo ni ujuzi kamili, na hakuwa na karatasi hata moja ya kuuthibitisha.

Jiandae pia kueleza sababu ya kila unachofanya. Ukisema mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, utaulizwa kwa nini, na unakagua wapi. Visigino, nyonga, mfupa wa mkia, viwiko, kisogo. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu wa mwanzo wa kidonda cha kulalia hauonekani haraka, kwa hivyo gusa: tafuta joto lisilo la kawaida, ugumu, au maumivu. Aliyekaa wodini anajua haya. Kinachomshinda ni kuyasema, basi yafanyie mazoezi kwa sauti.

Mwajiri wangu wa wakati ule amekataa kunipa barua. Anasema mkataba uliisha na hana deni nami. Nifanyeje? (Nyalenda, Kisumu)

Ana deni nawe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila mfanyakazi anayeondoka, isipokuwa aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina lako, jina na anwani ya mwajiri, aina ya kazi, mahali pa kazi, siku uliyoanza na siku uliyomaliza. Halazimiki kukusifu, ila cheti ni haki yako, na kukunyima ni kosa lenye faini au kifungo. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na wakikaa kimya nenda ofisi ya leba ya kaunti.

Jambo hili linaniuma. Tuliwaita watu hawa wakati majirani walikuwa wakiwakimbia njiani, halafu mikataba ikaisha na wengi wakaondoka na barakoa mfukoni tu. Mwajiri aliyemwita mtu kwenye hatari anapaswa kumwandikia barua kabla hajaombwa.

Dada yangu yuko Marekani. Mwaka 2020 makao ya wazee yalimwajiri baada ya mafunzo ya saa 8 ya intaneti, baadaye wakamwachisha kwa kukosa cheti. Walimwonea? (Kondele, Kisumu)

Hawakumwonea, ila pengine hawakumweleza vizuri. Kule sheria ya shirikisho tangu 1987 inataka msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee apate mafunzo ya angalau saa 75, afaulu mtihani, kisha aingie kwenye sajili ya jimbo. Asiye na cheti hawezi kufanya kazi hiyo zaidi ya miezi minne. Machi 2020 serikali ilisimamisha sharti hilo la miezi minne kwa sababu ya Corona, ndipo watu kama dada yako wakaingia kwa mafunzo mafupi. Ruhusa ile ilifikia mwisho tarehe 7 Juni 2022, na waliokuwa kazini wakapewa hadi 7 Oktoba 2022 kupata cheti. Penye msongamano wa mitihani muda ulisogezwa kwa idhini maalum, lakini hali ya dharura ya Corona yenyewe ikafungwa 11 Mei 2023.

Mlango haujafungwa. Serikali ya shirikisho iliyataka majimbo yafikirie kuhesabu saa walizofanya wasaidizi wa muda kama sehemu ya zile 75, kwa hivyo aulize jimbo lake lilichukua msimamo gani na aombe barua ya saa zake. Akiajiriwa tena na makao kama msaidizi, hayo makao hayaruhusiwi kumtoza gharama za mafunzo wala mtihani. Mtihani una sehemu ya vitendo na ya maswali, na maswali anaweza kuomba ayajibu kwa mdomo. Akianguka ana nafasi zisizopungua tatu.

Kuna jamaa Bungoma anauza cheti cha utunzaji kwa elfu kumi na tano, hutakanyaga darasani. Marafiki zangu wawili wamenunua. (Webuye)

Usinunue. Utatambuliwa cheti kitakapokaguliwa, na kutumia hati ya kughushi ni jinai. Tena siku utakayobaki peke yako na mgonjwa aliyepaliwa na uji, cheti hicho hakitakuambia umuinamishe mbele na umpige kofi mgongoni katikati ya mabega.

Wiki ijayo nitajibu wanaouliza kuhusu mawakala wa kazi za Ghuba.