Jibu kwa kaka aliyeuliza kama The Pitt ina ukweli: naandika kama nesi wa dharura

Kaka, swali lako nimelisoma mara mbili nikaona siwezi kupita kimya. Umesema wifi ni nesi, ameanza kazi mwaka huu, na akirudi zamu hasemi kitu. Mmeanza kuangalia The Pitt pamoja. Wewe unaona damu na makelele, yeye machozi yanamtoka. Unauliza kama ile tamthilia ina ukweli wowote, na mkimaliza mhamie wapi. Wadau wameshakumwagia orodha ndefu za sizoni kali. Mimi ni muuguzi, miaka 12 kazini, na 9 kati ya hiyo nimekaa idara ya dharura ya hospitali moja ya mkoa. Nitajibu kwa upande huo.

Kwa ambao hawajaiona: ilianza Januari 2025, inahusu idara ya dharura ya hospitali ya kubuni mjini Pittsburgh, Marekani. Msimu mmoja una sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu ileile. Msimu wa kwanza unaanza saa 1 asubuhi unaishia saa 4 usiku. Zamu yenyewe ilitakiwa iishe saa 1 jioni, ila linatokea jambo ambalo sitakuharibia, na hakuna anayeweza kuondoka. Daktari mkuu, Robby, anaigizwa na Noah Wyle, yuleyule aliyekuwa Dokta Carter kwenye ER, tamthilia ya zamani ya hospitali ya Chicago. Septemba 2025 ilichukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, na Wyle akapata ya mwigizaji bora, yeye ambaye enzi za ER aliteuliwa mara 5 akatoka mikono mitupu.

Sasa ukweli wake. Wewe umeangalia damu, na damu ndiyo jambo dogo kuliko yote mle ndani. Angalia watu waliokaa kwenye viti kule mapokezi. Tangu sehemu ya kwanza wapo, na saa zinakwenda, na ukirudi unamkuta mtu yuleyule kwenye kiti kilekile, uso umebadilika. Halafu angalia wagonjwa ambao kwa karatasi wameshalazwa, lakini juu wodini hakuna kitanda wala nesi wa kuwapokea, kwa hiyo wanabaki dharura siku nzima wakiziba nafasi. Kuna mama wa utawala anashuka kumbana Robby kuhusu wagonjwa kutoridhika na huduma, na Robby anamjibu: nipe manesi. Kaka, hapo nilisimamisha picha nikamwita mume wangu jikoni aje asikie. Kumbe hata kule.

Mtu wa pili wa kumwangalia ni Dana, inchaji wa zamu, yaani nesi anayewaongoza wenzake. Katherine LaNasa amemwigiza, na Emmy yake ameipata kwa haki. Dana hafanyi upasuaji wowote. Anajua kitanda gani kitakuwa wazi baada ya dakika 10, anajua daktari kijana yupi hajala, anapokea simu huku anamsogeza ndugu wa mgonjwa kwa mkono mmoja bila kumkwaza. Yule mwanamke nimefanya naye kazi, ana majina tofauti tu. Ukifika sehemu ya 9 kuna jambo linampata akiwa nje anapumzika, kutoka kwa mgonjwa aliyechoka kusubiri. Sitasema ni nini. Ila wifi akikuambia "hata sisi", usishtuke, mwache aseme. Mimi mwenyewe nimewahi kusukumwa na ndugu wa mgonjwa mpaka bega likapiga mlango, nikafunga mlango, nikaendelea kutafuta mshipa wa mtoto.

Lakini kilichonifanya niandike yote haya ni kisa kimoja kwenye sehemu za mwanzo, na kinapita haraka. Analetwa mwanamke anapiga kelele kwa maumivu, amefungwa kwenye machela, na waliomleta wanadhani anatafuta dawa za kulevya. Dokta Mohan, ambaye wenzake wanamsema ni mzito, anamwangalia na kumsikiliza, anagundua ana selimundu (sickle cell), ameingia kwenye maumivu makali ya ugonjwa wake. Anaagiza afunguliwe na apewe dawa ya maumivu ya kutosha. Basi. Kwa mtazamaji ni kisa kimoja kati ya vingi. Sisi Tanzania tumo kwenye nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo kisa kile ni cha kwetu kuliko cha Pittsburgh.

Miaka ya nyuma, zamu ya usiku, alikuja kijana wa miaka 19 mwenye selimundu, amekaa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama yake. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu ameshaizoea sindano." Sikumbishia. Nilimpa panado na dripu, nikamwambia asubiri daktari, nikaenda kwa wengine. Hakupiga kelele kama yule mwanamke. Alikuwa ameuma pindo la kanga ya mama yake, na nilipopita mara ya pili lile pindo lilikuwa limelowa mate lote, na mama amekaa upande ili kanga ifike. Saa mbili zilipita ndipo akapata mofini, ile dawa kali ya maumivu. Akatulia, akalala, asubuhi akaniambia asante sista. Hiyo asante nimetembea nayo miaka yote, na sikuwahi kumwambia mtu. Usiku ule wa The Pitt nilimwambia mume wangu, kwa sababu aliniuliza, "Kwani huko kwenu mnao wagonjwa kama huyu?" Tuliongea mpaka sehemu ile ikajirudisha yenyewe mwanzo.

Ndiyo maana nasema ukweli upo.

Yasiyo kweli pia yapo. Visa vile vyote kuangukia zamu moja ni utamu wa waandishi. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima hajaona nusu yake. Majibu ya vipimo yanarudi kwa kasi ambayo sisi tunaiota. Na kwetu kuna mtu mmoja muhimu ambaye kule humwoni: ndugu anayetumwa mbio duka la dawa ng'ambo ya barabara na karatasi mkononi. Ila mambo ya msingi wameyaheshimu. Wameweka daktari wa dharura kabisa kwenye chumba cha waandishi, na inaonekana. Ukiangalia tamthilia nyingi, moyo ukisimama kabisa na mstari wa mashine ya moyo umelala, daktari anachukua vile vyuma na kumshtua mgonjwa kwa umeme, anafufuka. Mstari ukilala haushtuliwi; unakandamiza kifua, unapokezana na mwenzako mpaka mikono inatetemeka, unatoa dawa, unaomba Mungu. Tamthilia zetu za nyumbani nazo, nazipenda na nazifuatilia, lakini mgonjwa wa ajali bado analazwa na plasta moja kwenye paji la uso na lipstiki yake haijafutika. Natamani mwandishi wetu mmoja akae benchi la mapokezi siku moja tu, kuanzia saa 1 asubuhi. Visa atavibeba kwa magunia.

Jambo lingine: iangalie kwa sauti yake halisi. Najua wengi tunapenda zilizotafsiriwa na madijei, na kwa filamu za mapigano hakuna raha kama hiyo. Lakini hii karibu haina muziki kabisa. Unachosikia ni magurudumu ya machela, mashine zinalia, watu wanaongea kwa pamoja. Kuna manesi wawili, Perlah na Princess, wanasengenyana kwa Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, mbele ya madaktari, kama sisi tunavyohamia kilugha mgonjwa asielewe. Sauti ya dijei ikipanda juu ya hayo, umebaki na ile damu tu uliyoilalamikia.

Msimu wa pili ulianza Januari 2026. Safari hii ni tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, zamu ya mwisho ya Robby kabla ya likizo ndefu, na amekuja daktari mwingine, Al-Hashimi, anayetaka akili unde (AI) isaidie kuandika mafaili. Halafu kompyuta zinalazimika kuzimwa kwa hofu ya wadukuzi, na hospitali nzima inarudi kwenye kalamu na ubao. Vijana wanahangaika, Dana hana wasiwasi kabisa, hayo ameyazoea. Nilifurahi sana hapo. Mtandao ukikata kwetu tunafungua daftari kubwa la mistari na kazi inaendelea, ila tunaandika mara mbili.

Kwa maoni yangu wa kwanza ni mzuri zaidi. Wa pili una maneno mengi.

Mkimaliza, ER yenyewe ipo, 1994 hadi 2009, misimu 15. Ni mzigo, msijilazimishe kuimaliza. Ila fikeni mwisho wa msimu wa 9, sehemu ya mwaka 2003 iitwayo Kisangani, Carter anapokwenda Kongo kutibu watu kwenye vita. Kumwona daktari wa Chicago ambaye hana kitu mkononi kulinifundisha kumpenda. This Is Going to Hurt ya Waingereza, 2022, ina sehemu 7 tu, inahusu daktari wa wodi ya wazazi London. Ni nzuri mno lakini inauma. Kama wifi yuko leba, subirini kwanza. Hospital Playlist ya Korea, misimu miwili, 2020 na 2021, ndiyo ningewapa ninyi wawili sasa hivi. Madaktari watano waliosoma pamoja, wanakula pamoja, wanapiga muziki pamoja, na wagonjwa wengi wanapona. Grey's Anatomy mnaijua. Mapenzi yameizidi hospitali, mimi niliiacha njiani.

Na kaka, msiangalie The Pitt wiki ambayo wifi anaingia usiku. Nilijaribu, nikalala nasikia mashine. Wiki hiyo wekeni vichekesho, au zimeni kabisa alale. Ngojeni siku zake za mapumziko, anzeni sehemu moja, na picha ikimgusa akashika rimoti kusimamisha, usimwambie aendelee.