Macho yake yalirudi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kwotabeki kijana akishanyang'anywa namba, bado anaweza kukua, au ndiyo basi tena? Mimi najibu kwamba anaweza. Nina mtoto wa kiume aliyesugua benchi karibu msimu mzima wa 2024 katika timu ya shule yake hapa Charlotte, North Carolina. Mwezi uleule alioketishwa yeye, Bryce Young wa Carolina Panthers, timu ya mji huuhuu, naye alipoteza namba. Basi swali lenu sisi tumelala nalo na kuamka nalo tangu Septemba ile hadi mwaka mpya.

Kwa ndugu zangu waliokulia kwenye soka kama mimi, nieleze kidogo kazi yenyewe. Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayeshika mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Kwenye ligi kuu, yaani NFL, kocha humsemesha kwa redio iliyomo ndani ya kofia yake, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Kuanzia hapo yuko peke yake. Asome walinzi wamejipangaje, awasogeze wenzake, apokee mpira, arudi nyuma hatua tatu au tano, amtazame mpokeaji wa kwanza, kama amebanwa wa pili, kama naye amebanwa wa tatu, kisha arushe. Yote hayo yanaisha ndani ya sekunde tatu hivi, huku majitu ya kilo 120 na zaidi yanamjia. Kinga yake ni wenzake watano wa mstari wa mbele. Wao wakizidiwa, anaangushwa chini na mpira wake mkononi.

Sasa, kijana aliyeangushwa mara nyingi mno haharibiki mkono. Mkono unabaki na nguvu zake. Kinachoharibika ni macho. Anaacha kutazama mbali walipo wapokeaji, anaanza kutazama vifua vya wanaomjia, hata siku ambayo hakuna anayemjia.

Hilo sikulisoma mahali. Nililiona kwenye uzio wa uwanja wa shule, mechi ya tatu ya mwanangu. Katika mechi ya kwanza kidevu chake kilikuwa juu. Mechi ya tatu, kila alipopokea mpira kidevu kilishuka kifuani. Mwenzake mmoja alikuwa amebaki peke yake pembeni kabisa, mkono juu, anapunga, hakuna mlinzi hata mmoja karibu naye. Mwanangu alikumbatia mpira akakimbilia katikati ya kundi la watu. Jumatatu kocha akampa namba mvulana wa darasa la juu yake. Jioni ile kwenye gari alipakata kofia yake mapajani, hakuwasha muziki, na tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Baba, nikishika mpira siwaoni wenzangu." Niliendesha nikazunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia nyumbani, maana sikutaka mama yake amwone akiwa katika hali ile.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kumhamisha shule. Nilimwona kocha kama mtu aliyemkatia mtoto tamaa. Leo naona alimwokoa, na Young ndiye aliyenisaidia kuliona hilo.

Young alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2023, yaani zamu ambapo timu za ligi kuu huchagua vijana wanaotoka vyuoni. Alikuwa amebeba tuzo ya Heisman ya 2021, ile ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, na Panthers walitoa mali nyingi kumpata: waliwapa Chicago Bears mpokeaji wao mzuri, DJ Moore, pamoja na nafasi kadhaa za drafti. Kisha wakamsimamisha nyuma ya ukuta uliobomoka. Msimu ule aliangushwa mara 62. Timu ilishinda mechi 2 kati ya 17, na kocha Frank Reich alitimuliwa Novemba, mechi 11 tu tangu aanze kazi. Huyo ni kijana wa miaka 22, mwenye kimo cha futi 5 na inchi 10, kimo kidogo kwa nafasi yake.

Msimu wa 2024 ukaanza pabaya vilevile. Walifungwa 47-10 na New Orleans, wakafungwa 26-3 na Los Angeles Chargers, na katika mechi hiyo ya pili pasi zake zote pamoja zilimpa yadi 84 tu. Kesho yake kocha mpya, Dave Canales, akampa namba Andy Dalton, mkongwe wa miaka 36. Dalton akashinda mechi yake ya kwanza, 36-22 dhidi ya Las Vegas Raiders, na hapa mjini watu wakasema Young amekwisha. Kazini kwangu walisema hivyo waziwazi. Mwanangu aliyasikia shuleni pia, na alijua kwamba maneno yale yanamhusu yeye.

Dalton alipoteza mechi nne zilizofuata, kisha akaumia kidole gumba katika ajali ya gari, na Young akarudishwa. Alirudi Denver tarehe 27 Oktoba, akafungwa 28-14, pasi zake mbili zikanaswa. Lakini wiki baada ya wiki mambo yakabadilika. Wakawafunga New Orleans walewale 23-22. Wakawafunga New York Giants 20-17 kule Munich katika muda wa nyongeza. Tarehe 24 Novemba wakaja Kansas City Chiefs, mabingwa, hapa Charlotte. Nilinunua tiketi mbili za viti vya juu kabisa, kule upepo unakopiga. Panthers walifungwa 30-27 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Sitasahau mwanangu alivyonishika mkono katika robo ya nne na kuniambia, "Baba, tazama kidevu chake." Kutoka kule juu Young alionekana mdogo kama kijiti cha kiberiti, lakini kichwa chake kilikuwa kimeinuka, kinageuka kulia, katikati, kushoto, na watu wanamjia. Alikuwa anawatafuta wapokeaji wake. Mechi ya mwisho wa msimu, Atlanta, walishinda 44-38 katika muda wa nyongeza. Alirusha pasi tatu za tachidauni, yaani za kufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi sita, na nyingine mbili akaingia nazo mwenyewe kwa kukimbia. Ukihesabu tangu arudishwe hadi msimu kuisha, alirusha pasi 15 za tachidauni na zilizonaswa ni 6.

Je, benchi ndilo lililomfundisha? Peke yake, hapana, na nisingependa msomaji anielewe vibaya. Kabla ya msimu ule Panthers walikuwa wamewasajili Robert Hunt na Damien Lewis kuziba katikati ya mstari wa mbele. Ukuta ulikuwa unajengwa. Benchi lilimpa muda wa kutoangushwa wakati ukuta unasimama. Tena kocha aliyemketisha alikuwa ameshawafanyia kazi watu walioketishwa. Mwaka 2022 Canales alikuwa Seattle, akimfundisha Geno Smith, na mwaka 2023 alikuwa Tampa Bay na Baker Mayfield.

Geno Smith nimweleze kidogo, kwa sababu kisa chake kinanigusa. Alianza na New York Jets mwaka 2013. Agosti 2015 mwenzake alimpiga ngumi katika chumba cha wachezaji, taya likavunjika, na namba ikaenda na taya. Alikaa miaka saba akihama kutoka benchi la timu moja hadi la nyingine. Aliporudi kuwa namba moja, Seattle 2022, pasi zake zilifika kwa asilimia 69.8, akaongoza ligi nzima kwa hilo, na akatajwa mchezaji aliyerejea vizuri kuliko wote. Miaka saba ni mingi mno, na simwombei mtoto wa mtu yeyote njia hiyo. Ila imethibitika kwamba mtu anaweza kuipita.

Wengi wakijibu swali kama lenu humtaja Aaron Rodgers, aliyekaa nyuma ya Brett Favre misimu mitatu huko Green Bay, au Jordan Love aliyekaa nyuma ya Rodgers misimu mitatu pia, au Patrick Mahomes aliyemsubiri Alex Smith mwaka wake wa kwanza na mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50. Mifano mizuri, lakini siyo ya swali hili. Hao walisubiri. Hawakuwa wamepigwa bado, na hakuna aliyewanyang'anya kitu. Kusubiri namba na kunyang'anywa namba ni maumivu tofauti. Mimi kati yao ningemtazama huyo Alex Smith. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2005, na msimu wake wa kwanza San Francisco alirusha tachidauni 1 huku pasi 11 zikinaswa. Akapita mikononi mwa walimu wengi wa mashambulizi, kila mmoja na kitabu chake cha mipango. Alipompata Jim Harbaugh mwaka 2011, timu ilishinda mechi 13 kati ya 16. Drew Brees vilevile: mwaka 2003 San Diego walimketisha wakampa namba Doug Flutie mwenye miaka 41, mwaka uliofuata wakamleta Philip Rivers kumrithi, na Brees akacheza msimu wa 2004 kama mtu aliyezaliwa upya.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema benchi haliwezi kumkuza mtu kwa sababu mazoezi yenyewe ni ya yule mwenye namba. Ni kweli. Katika wiki ya mechi, mwenye namba ndiye anayefanya karibu mazoezi yote ya mpango wa timu. Aliyeketishwa anaigiza kwotabeki wa timu pinzani ili walinzi wa kwao wajipime. Tangu mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji, mazoezi ya vifaa kamili ndani ya msimu hayazidi 14. Zamani kulikuwa na ligi ya Ulaya ya kuwapeleka vijana wakacheze. Kurt Warner alipitia Amsterdam mwaka 1998, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi kuu. Ligi hiyo ilifungwa mwaka 2007 na hakuna iliyoziba pengo lake. Ndiyo maana Anthony Richardson wa Indianapolis ananipa wasiwasi kuliko Young. Chuoni Florida alianza mechi 13 tu, kwa hiyo anachokosa zaidi ni mechi, na mechi hazipatikani benchini. Walimketisha Oktoba 2024 wakampa namba Joe Flacco, wakamrudisha baada ya mechi mbili, na Agosti 2025 wakampa namba Daniel Jones, ambaye naye alinyang'anywa yake New York Giants mwaka 2024. Kijana wa namna hiyo ningemwacha uwanjani akosee.

Lakini kuigiza timu pinzani nako ni kazi, ikiwa kuna mtu mzima anayeithamini. Mwanangu alipoketishwa alivaa fulana nyekundu ya mazoezi, ile inayomaanisha haguswi. Kocha msaidizi, mzee mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anainua kadi yenye mchoro wa shambulizi la wapinzani, mwanangu anaisoma kwa sekunde chache, kisha analicheza dhidi ya walinzi wazuri kuliko wote shuleni. Wiki kumi alirusha mpira bila mtu kumwangusha. Na kila Jumanne yule mzee aliketi naye mbele ya kompyuta, anasimamisha picha kabla mpira haujaondoka chini, na kumuuliza swali moja tu: "Unaona nini?" Hakuwahi kumuuliza angefanya nini. Mwanzoni mwanangu alikuwa akitaja wanaomjia. Kufikia Oktoba akaanza kutaja mlinzi wa nyuma kabisa amesimama upande gani. Nilijua kwa sababu alikuwa akinisimulia mezani, anapanga vijiko na chupa ya pilipili kunionyesha, ugali unapoa.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto walioketishwa, kabla ya kwenda kugombana na kocha kama nilivyotaka mimi, ulizeni mambo haya: nani anakaa naye, anashika mpira mara ngapi kwa wiki, na amepigwa kiasi gani kabla ya kuketishwa. Majibu yakiwa "hakuna" na "hashiki", basi mtoto anapotea, mhamisheni. Yule mzee asingekuwepo, ningemhamisha wangu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye uzio tena, bado nimevaa sare ya kazi. Msimu mpya unakaribia, wanagombea namba wawili, na kocha hajatangaza. Mwanangu alipokea mpira, akarudi hatua tano, mtu akapenya upande wake wa kushoto. Kidevu hakikushuka. Alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akarusha kwa wa tatu kule mbali, na mpira ukadondoka yadi mbili mbele ya mpokeaji. Nilipiga makofi peke yangu. Akageuka kunitafuta uzioni, akanyoosha vidole vitatu.